Ndoo Ileile, Kuku Wenye Njaa: Kisa cha Chakula Kilichochachushwa

Kuku 40 wa mayai, wote wa rika moja, walikuwa wakitaga mayai 32 hadi 34 kwa siku. Wiki tano baada ya mama mwenye kuku hao kuanza kuwachachushia chakula, yaani kukiloweka majini siku kadhaa mpaka kiwe kichachu, mayai yakawa 19. Hakuna kuku aliyekufa, hakuna aliyekohoa, na hakuna aliyeonekana kukataa chakula. Kinyume chake, walikuwa wakimkimbilia mama yule kila akitokeza na ndoo, na yeye akachukulia mbio zile kuwa dalili ya kupenda chakula kipya. Baadaye ilidhihirika kuwa zilikuwa mbio za njaa.

Kwanza hali ilivyokuwa kabla ya mabadiliko. Kuku walikuwa wakila chakula kamili cha kununua, kikavu, kilichosagwa, cha kuku wanaotaga. Ndoo moja ya lita 8 ikijaa chakula hicho ilikuwa na kilo 4.6, na ndiyo iliyokuwa posho ya siku nzima: gramu 115 kwa kila kuku. Kipimo hicho ni cha kawaida kabisa kwa kuku wa mayai wa kisasa. Chakula chenyewe kilikuwa na protini asilimia 16.5 na kalsiamu asilimia 3.8, kama karatasi iliyoshonwa kwenye mfuko ilivyosema.

Kisha akasikia habari ya kuchachusha. Aliambiwa kwamba nafaka ikilowekwa siku tatu huvimba, hulainika, na kuku hushiba kwa kiasi kidogo. Akatafuta mahindi ya kuparaza, akachanganya nusu kwa nusu na chakula kamili, akatia maji kilo 1.2 kwa kila kilo ya chakula, akafunika kwenye pipa la plastiki. Baada ya siku tatu akaanza kuwapa: ndoo ileile ya lita 8, imejaa ileile, mara moja kwa siku. Mifuko ya chakula cha kununua ikaanza kudumu zaidi ya mara mbili ya zamani. Ungekuwa wewe, ungeacha?

Nilipofika kwake kutafuta sababu, sikuanzia kwenye pipa. Mayai yanapopungua, mambo mengine hutangulia kuchunguzwa kwa sababu ni mepesi kuyaona na ni ya kawaida zaidi. Mwanga: kuku anayetaga anahitaji saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku, na taa yao ilikuwa haijabadilishwa saa zake. Maji: yalikuwepo, masafi. Utitiri: usiku nilipitisha kitambaa cheupe chini ya fito za kulalia, hakikutoka na madoa mekundu. Pumzi na kinyesi vilikuwa sawa, ila kinyesi kilikuwa na majimaji zaidi, jambo la kutarajiwa kwa chakula chenye maji mengi. Hapakuwa na viota vya kificho wala dalili ya kuku wanaokula mayai yao.

Ndipo nikashika kuku mmoja na kupapasa kidari. Mfupa wa katikati ulikuwa umetokeza kama ukingo wa meza. Wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Nikashika kumi kwa jumla, na ni wawili tu waliokuwa na nyama ya kutosha pande zote mbili za mfupa. Hao wawili walikuwa wababe wa banda, wa kwanza kufika kwenye kihori. Nikaomba kuona mayai ya siku ile. Maganda yalikuwa membamba, matatu yana nyufa, na moja halikuwa na ganda kabisa, limevaa utando laini tu.

"Mwanangu," aliniambia, "hawa nawapa ndoo nzima. Tena siku hizi ndoo yenyewe nzito mpaka nabadilisha mikono njiani."

"Mama, ndoo ni ileile. Tupime kilichomo."

Tukaining'iniza kwenye mizani. Kilo 8. Kwa macho yake, na kwa mkono wake uliochoka, alikuwa amewaongezea chakula kutoka kilo 4.6 hadi 8. Lakini katika kila kilo 2.2 za mchanganyiko ule, kilo 1.2 zilikuwa maji aliyoyatia mwenyewe. Gawanya 8 kwa 2.2: unabaki na kilo 3.6 za chakula kikavu. Kwa kuku 40, hiyo ni gramu 91 kwa kichwa badala ya 115.

Laiti tatizo lingekuwa hizo gramu 24 tu, kuku wangeyumba kidogo na pengine tusingejua mapema. Ila nusu ya gramu 91 ilikuwa mahindi, na mahindi yana protini asilimia 8 na nusu hivi. Tulikaa na karatasi tukapiga hesabu pamoja. Zamani kila kuku alipata gramu 19 za protini kwa siku. Sasa alipata 11 na kidogo. Zamani alipata gramu 4.4 za kalsiamu. Sasa 1.7, maana mahindi hayana kalsiamu ya kusemwa. Ganda la yai moja peke yake lina takriban gramu 2 za kalsiamu, na kuku hawezi kuinyonya yote anayoila. Kwa hiyo kila yai lililotagwa lilikuwa likilipwa kutoka kwenye mifupa.

Hapo ndipo palipomlaghai mama yule, na nadhani ndipo panapowalaghai wengi. Wiki mbili za kwanza mayai hayakupungua. Kuku wa mayai ana akiba: mafuta ya mwilini, nyama ya kidari, na ndani ya mifupa yake mirefu kuna mfupa laini wa pekee unaojengwa anapoanza kutaga, kazi yake kutunza kalsiamu ya maganda. Akiba hiyo humwezesha kuendelea kutaga huku akikonda. Mfugaji anahesabu mayai 33, anaona mifuko ya chakula imesimama, anasema mbinu imefaulu na kuwasimulia wenzake. Wiki ya tatu maganda yanakuwa mepesi. Ya nne, mayai yanashuka kwa kasi, na kufikia hapo hakuna anayeshuku chakula, kwa sababu chakula kilibadilishwa zamani na kilionekana kufaa.

Lakini pipa nalo lilikuwa na makosa yake. Nilipolifunua sikupata ile harufu kali, safi, ya uchachu inayofanana na mtindi. Kulikuwa na uchachu hafifu na nyuma yake harufu ya kitu kinachoanza kuoza. Karatasi ya kupimia asidi ilionyesha pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) kati ya 5 na 5.5 siku ya tatu. Uchachushaji uliokwenda vizuri hufika karibu 4, na ni hapo, chini ya 4.5, ambapo bakteria wabaya kama salmonela hukosa nafasi ya kustawi.

Sababu ilikuwa chokaa. Chakula kamili cha kuku wa mayai chenye kalsiamu asilimia 3.8 kina chokaa ya mawe karibu asilimia 9, na chokaa kazi yake mbele ya asidi inajulikana: huiua. Bakteria wa asidi ya laktiki walikuwa wakifanya kazi yao, wanatoa asidi, na chokaa inaimeza papo hapo. Chakula cha kuku wa nyama au cha vifaranga hakina ubishi mkubwa kiasi hiki, kwa kuwa chokaa yake ni kidogo sana. Cha kuku wanaotaga ndicho kigumu kuchacha kuliko vyote, na ndicho watu wanachokimbilia kukiloweka kwa sababu ndicho kinachomaliza pesa.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana katika kuloweka chakula kamili. Viwanda huongeza laisini ya unga, kimojawapo cha vijenzi vya protini, ili kuziba upungufu wa nafaka. Laisini hiyo iko huru, haijafungwa ndani ya protini, na katika saa za mwanzo kabla asidi haijakolea, bakteria waliomo pipani wanaweza kuila kabla ya kuku. Kwa hiyo unalipia kirutubishi ghali, kisha unakitupia vijidudu. Vitamini nazo hazipendi kukaa majini siku tatu. Mimi, kwa maoni yangu, sioni sababu ya kuchachusha chakula kamili cha kuku wa mayai hata siku moja. Nafaka, ndiyo.

Na nafaka ina sababu nzuri ya kuchachushwa, nisije nikaonekana naipinga mbinu yenyewe. Sehemu kubwa ya fosforasi iliyomo kwenye mbegu imefungwa ndani ya kitu kiitwacho fitati, ambayo kuku hana uwezo mkubwa wa kuivunja. Fitati hiyo hushika pia kalsiamu, zinki na chuma. Nafaka ikilowa na kuingia uchachu, kimeng'enya kilichomo ndani yake kiitwacho fitasi huamka na kuanza kuikata fitati. Ngano, shayiri na rai zina fitasi nyingi. Mahindi na mtama zina kidogo sana, ndiyo maana kuchanganya ngano kidogo katika pipa la mahindi ni busara: fitasi ya ngano inafanya kazi kwa niaba ya wote. Juu ya hayo, uchachu huingia tumboni pamoja na chakula, na gole la kuku, kile kifuko cha shingoni kinachopokea chakula kwanza, linapokuwa na asidi, vijidudu vya maradhi hupata taabu kupita.

Ambacho uchachushaji haufanyi ni kuongeza chakula. Bakteria nao wanakula. Vile viputo vinavyopanda juu ya maji ni hewa ya ukaa, yaani sehemu ya wanga wako inayokwenda zake. Ukiweka kilo moja kavu unatoa pungufu kidogo ya kilo moja. Wala haufanyi nafaka mbovu kuwa njema. Mama yule aliniuliza kama angeweza kununua mahindi yenye ukungu kwa bei ya kutupa kisha ayachachushe. Nilimjibu kwa ukali kuliko nilivyokusudia, ikabidi baadaye niombe radhi kwa sauti yangu, si kwa jibu. Sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha, na siku tatu za pipani si dawa ya kutegemea. Kwa kuku hushambulia ini, hushusha utagaji, na sehemu yake inaweza kupita hadi kwenye yai.

Tuliyobadilisha ni haya. Posho iligawanywa mafungu matatu yanayopimwa yakiwa makavu, kabla tone la maji halijagusa chochote. Nafaka kilo 2.6: mahindi ya kuparaza sehemu mbili, ngano sehemu moja. Mashudu ya soya na alizeti pamoja na mchanganyiko wa vitamini, madini na chumvi, kilo 1.4. Chokaa ya chenga, gramu 400. Jumla kilo 4.4, yaani gramu 110 kwa kuku, zenye protini gramu 18 na ushei na kalsiamu karibu gramu 4. Nafaka peke yake ndiyo iliyoingia pipani. Mashudu yalichanganywa na nafaka iliyokwishachacha dakika chache kabla ya kulisha, yakanywa majimaji yote yaliyobaki, hivyo hakuna kilichomwagwa. Majimaji yale yana virutubisho vilivyoyeyuka, na nimeona watu wakiyachuja na kuyamwaga bila kujua wanamwaga nini. Chenga za chokaa ziliwekwa kwenye chombo cha pembeni, kuku anajipimia mwenyewe. Hujua. Jioni, ganda linapokaribia kujengwa, utawaona wakikiendea.

(Mashudu ya soya yaliyotoka kiwandani yamekwishapitia joto. Anayetaka kutumia soya mbichi akidhani uchachu utaondoa vizuizi vya mmeng'enyo vilivyomo, asidhani. Soya hupikwa au hukaangwa.)

Mapipa yakawa matatu madogo badala ya moja kubwa, yote ya plastiki. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki haifai kwa kazi hii, asidi huila zinki na kuipeleka kwenye chakula. Kila asubuhi pipa moja linatolewa, linasuuzwa na kuanzishwa upya, mengine mawili yanaendelea. Maji yazidi usawa wa nafaka kwa vidole viwili, maana nafaka inakunywa na punje zinazobaki zimetokeza ndizo zinazoota ukungu. Koroga asubuhi na jioni. Kifuniko kilegee, hewa ya ndani ipate njia. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 siku mbili zinatosha. Kukiwa na baridi, nne au zaidi. Maji ya bomba yenye klorini huchelewesha mwanzo, na mara nyingi kuyaacha wazi usiku mmoja kunasaidia.

Kubwa kuliko hayo yote ni kopo moja la majimaji ya pipa lililokomaa kutiwa katika pipa jipya. Pipa lisilo na mbegu hiyo huanza kwa vurugu: kila kijidudu kilichokuja na punje kinagombea, na saa za mwanzo ndizo za hatari. Likitiwa kopo hilo, jeshi la bakteria wa asidi linaingia tayari limeshapanga safu. Pipa la kwanza tulilolianzisha bila mbegu lilifika pH 4 na kidogo siku ya tatu. Fungu la nne, lililotiwa kopo hilo, lilifika hapo siku ya pili asubuhi.

Mara mbili alinipigia simu kuhusu pipa. Mara ya kwanza kulikuwa na utando mweupe, mwembamba, uliokunjamana juu ya maji, na harufu ilikuwa njema. Huo ni hamira wa porini, akaukoroga, akaendelea. Mara ya pili kulikuwa na madoa ya kijani yenye manyoya kwenye punje zilizonata ukutani mwa pipa. Alitaka kuyakwangua. Pipa zima lilimwagwa mbali na kuku na kusuguliwa kwa maji moto, na mbegu ya pipa lililofuata ikatoka kwenye pipa jingine. Alinung'unika, na namwelewa, zilikuwa kilo mbili na nusu za nafaka.

Ulishaji nao ulihamia mara mbili kwa siku, kwa sababu chakula kilicholowa hakikai kihorini kama kikavu. Kilichobaki baada ya saa chache za joto kinaondolewa. Vihori viliongezwa kutoka viwili hadi vinne. Chakula kinachoisha haraka humnyima kuku mnyonge zamu, na wale wababe wawili walikuwa wamekwishatuonyesha.

Maganda yalirudi kwanza, ndani ya siku kumi hivi. Mayai yalichukua muda. Wiki ya tatu 23, wiki ya sita 29, na yakasimama kati ya 29 na 30. Hayakurudi 33. Kuku watatu walikuwa wamekwishaanza kunyonyoka manyoya, na kuku aliyeingia kwenye kunyonyoka hatagi mpaka amalize; wengine umri nao ulikuwa umesogea. Hasara ya mayai ya zile wiki tano na hizi sita za kupanda iliandikwa kwenye daftari kama sehemu ya gharama za kuchachusha, ingawa mama alipinga. "Hiyo si gharama ya kuchachusha, ni gharama ya ndoo," alisema. Nikaiacha iandikwe anavyotaka yeye.

Sasa, aliokoa nini? Posho ilishuka kutoka kilo 4.6 hadi 4.4. Ni asilimia 4 tu, na hata hiyo nilitaka kujua imetoka wapi. Tukatenga kuku kumi kwa siku nne, tukawarudishia chakula kikavu, tukatandika turubai chini ya kihori na kukusanya kilichoanguka kila jioni. Ukipiga hesabu kwa kundi zima, ni takriban gramu 300 kwa siku za unga na chenga zilizorushwa kwa midomo na kukanyagwa. Kwa chakula kilicholowa, turubai lilibaki karibu tupu. Yaani kuku walikuwa wakila karibu kiasi kilekile siku zote, kilo 4.3 au 4.4. Kilichookolewa kwanza ni unga wa sakafuni. Huenda nafaka ile ilimeng'enywa vizuri zaidi pia, lakini kwa kundi dogo namna hii na mizani ya kuning'iniza siwezi kuitenganisha faida hiyo na mengine, wala sitaki kuipamba.

Akiba ya pili, iliyokuwa kubwa zaidi, haikutokana na uchachu. Ilitokana na kununua nafaka na mashudu kando badala ya kununua vyote vimeshachanganywa. Uchachu ulimrahisishia tu kuitumia nafaka ya kuparaza bila vumbi na bila kuku kuchagua punje. Kwa hiyo hesabu aliyobaki nayo ni fupi na ameiandika kwa makaa ukutani, juu ya mapipa: bei ya nafaka kilo 2.6, jumlisha mashudu na mchanganyiko wake kilo 1.4, jumlisha chokaa, linganisha na bei ya chakula kamili kilo 4.6. Upande wa pili ukizidi wa kwanza kiasi cha kulipa jasho la kukoroga, kubeba maji na kusugua mapipa kila siku, chachusha.

Miezi minne baadaye nafaka iliadimika na bei ikapanda kuliko ya mashudu. Alipiga hesabu yake ukutani, akarudi kwenye chakula kikavu, akiwachanganyia pole pole kwa siku saba, na safari hii akapigilia ubao kwenye ukingo wa vihori ili wasirushe. Mapipa matatu yameoshwa, yamepinduliwa chini ya ukuta ule. Katika chupa moja, mahali penye baridi, ameweka majimaji ya pipa la mwisho. Nilimwambia mbegu hiyo haitakaa mpaka mavuno. Akasema anajua, lakini hawezi kuimwaga.